Waya Umeungwa, Mbona Mitandao Haisikilizani?

Swali ambalo wasomaji hulileta mara nyingi kuliko mengine yote, wawe ni wakuu wa shule za Nyakach, wahasibu wa vyama vya akiba na mikopo vya Kondele, au wasimamizi wa zahanati zilizotawanyika ufuoni toka Usenge hadi Sori, ni hili: tulikuwa na mitandao miwili ya kompyuta, tukamwita fundi, fundi akavuta waya toka mmoja hadi wa pili, taa za kijani zikawaka pande zote mbili, tukampa ujira wake akaenda zake, mbona basi kompyuta za upande huu hata leo haziwezi kuzifikia za upande ule?

Jawabu fupi ni kwamba waya ni kitu kimoja na maarifa ya njia ni kitu kingine. Umeme upitao katika waya, au mwanga upitao katika uzi wa kioo, huthibitisha tu kwamba vyombo viwili vinagusana. Hauelezi ni akina nani wakaao nyuma ya kila chombo, wala ni kwa mapito gani mtu awafikie. Maarifa hayo sharti yaandikwe na binadamu au yapashanwe na vyombo vyenyewe, na ikiwa vyombo vya upande mmoja vilizoea kupashana habari kwa kaida yao, ilhali vya upande wa pili vinafuata kaida nyingine, vitakaa kimya ana kwa ana mpaka apatikane baina yao wa tatu azijuaye kaida zote mbili. Sura hii yamhusu huyo wa tatu, ambaye mafundi humwita lango.

Wala jambo lenyewe si la nadra. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi ofisi za mabaraza ya miji na ofisi za wizara, kila moja na vyombo vyake na mazoea yake. Vyuo hufungua matawi, hospitali hujenga jengo jipya kando ya lile la zamani, na kampuni hununuana. Kila palipo na nyumba mbili zilizojengwa na mafundi wawili kwa nyakati mbili, swali hili halina budi kuzuka.

Ruta na daftari lake

Ruta ni chombo kipokeacho vipande vya habari, viitwavyo pakiti, kikasoma anwani iliyoandikwa juu ya kila kipande, kikatazama daftari lake la njia, kisha kikakitoa kwa mlango unaofaa. Anwani isipopatikana daftarini, pakiti hutupwa papo hapo, na aliyeituma aghalabu huona tu kwamba ukurasa haufunguki.

Daftari hilo hujazwa kwa namna tatu. Kwanza, ruta huandika yenyewe mitandao iliyochomekwa mwilini mwake. Pili, fundi huandika njia kwa mkono wake, naye akisahau kuifuta siku mambo yatakapobadilika, itabaki hivyo hivyo hata ikiwa inaelekeza shimoni. Tatu, ruta hufundishana zenyewe kwa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo zilizokubaliwa na pande zote, na njia ikikatika hupashana habari na kutafuta nyingine pasipo kumwamsha mtu usiku.

Kuna sharia moja ya daftari ambayo msomaji aiweke moyoni, maana tutairudia mbele pale patakapoharibika mambo: anwani moja ikiwa imetajwa katika mistari miwili, mmoja ukiwa wa eneo pana na mwingine wa eneo jembamba lililomo ndani ya lile pana, ruta hufuata ule mwembamba daima, bila kujali ni nani aliyeuleta wala kama ni mkweli.

Kwa nini itifaki si moja

Mtu mwenye busara angeuliza kwa nini ulimwengu usichague itifaki moja na kuacha nyingine zote. Sababu ni kwamba mambo yanayotakiwa ndani ya nyumba si yale yanayotakiwa mpakani.

Kongwe katika zitumikazo ndani ni RIP, itifaki ya habari za njia, iliyotangazwa rasmi mwaka 1988 ingawa ilikwisha kutumika miaka kadhaa kabla ya hapo. Kila sekunde 30 ruta huwasomea jirani zake daftari lake lote, nao huhesabu ni ruta ngapi pakiti itazipita mpaka ifike. Hesabu hiyo haivuki 15. Ikifika 16, mahali hapo huchukuliwa kuwa hapafikiki. Ni itifaki nyepesi, hata ruta dhaifu ya bei rahisi huimudu, lakini haitofautishi uzi wa kioo na mawimbi ya redio yanayotetemeka mvua inaponyesha: kwake yeye ruta moja ni ruta moja.

OSPF, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na kufikia sura inayotumika zaidi hadi leo katika andiko la John Moy la mwaka 1998, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila ruta hutangaza viungo vyake tu, matangazo hayo huenezwa kwa wote, na kila moja huchora ramani nzima ya nchi yao, kisha hutafuta humo njia ya gharama ndogo kwa hesabu aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Gharama hapa ni nambari inayopungua kadiri waya unavyokuwa mpana, na kwa hiyo OSPF itapendelea nyuzi tatu za kioo zinazofuatana kuliko redio moja dhaifu.

Mpakani hutawala BGP. Masimulizi ya kuzaliwa kwake yanajulikana sana: mwezi wa Januari 1989, mjini Austin katika jimbo la Texas, Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliichora mezani wakati wa chakula juu ya karatasi za kufutia mikono. BGP haiulizi njia ipi ni ya kasi. Huuliza njia inapita mikononi mwa nani. Kila kampuni au taasisi kubwa inayojitawala katika mambo ya njia huitwa mfumo huru, na hupewa nambari yake, ambayo katika Afrika hutolewa na AfriNIC yenye makao nchini Mauritius. Njia inapotangazwa kwa BGP hubeba orodha ya nambari za mifumo iliyoipitisha, na anayeipokea ana ikhtiari ya kuikubali au kuikataa kwa sababu za mkataba, za fedha, au za kutomwamini jirani.

Karani wa gatini

Mwenyeji wa Kisumu hahitaji kwenda mbali kumtafuta mfano wa lango, kwa kuwa mji wenyewe ulizaliwa kwa kazi hiyo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ufuoni mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, na hapo ndipo ilipokoma. Shehena ya Uganda ikashushwa mabehewani na kupakiwa melini. Reli ilikuwa na hati zake, viwango vyake vya nauli na orodha ya stesheni zake. Meli nazo zilikuwa na zake. Nahodha hakuwa na haja ya kuijua Muhoroni, wala dereva wa gari moshi hakujua gati la Entebbe liko upande gani. Aliyejua yote mawili ni karani aliyekaa gatini, mwenye daftari la reli mkono huu na daftari la meli mkono huu, akinakili toka moja kwenda jingine. Hata katika miaka ya 1960 ilipoletwa meli ya Uhuru, ambayo humeza mabehewa yenyewe pamoja na mizigo yake, kazi ya karani haikwisha: behewa huvuka lilivyo, lakini hati yake sharti iandikwe upya.

Ruta iliyo lango ndiyo huyo karani. Kwa mlango mmoja huzungumza OSPF, kwa mlango wa pili RIP au BGP, na kazi yake, ambayo mafundi huiita kuhamisha njia, ni kuchukua mistari ya daftari la upande huu na kuitangaza upande wa pili kwa kaida ya huko. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba karani hodari hanakili kila kitu. Nahodha aliyesomewa majina ya stesheni zote toka Mombasa angechelewa kung'oa nanga na asingepata faida yoyote. Alihitaji kujua kilichomhusu, basi. Kwa rai yangu, aliye lango hupimwa kwa anayoyazuia zaidi kuliko kwa anayoyapitisha, na mashaka yote tutakayoyaeleza katika sura hii yalitokana na malango yaliyopitisha mno.

Kwa ufupi, tuliyokwisha kuyaona ni haya:
- Waya hauleti maarifa ya njia. Daftari la ruta ndilo lenye maarifa hayo.
- RIP huhesabu ruta, OSPF huhesabu gharama, BGP hutazama mifumo iliyopitiwa.
- Lango huhamisha njia toka kaida moja kwenda nyingine, na wajibu wake wa kwanza ni kuchuja.

Bei na uaminifu

Lango linapohamisha njia hukutana na mushkili wa kwanza mara moja, nao ni wa bei. RIP husema mahali fulani pako umbali wa ruta 4. OSPF huuliza, gharama yake ngapi? Nne hiyo haigeuki kuwa gharama kwa hesabu yoyote ya haki, maana ni vipimo visivyokuwa na asili moja. Kwa hiyo fundi hana budi kuweka bei ya kuanzia kwa mkono wake, na asipoiweka, chombo kitajiwekea: katika ruta nyingi za Cisco njia zinazoingia OSPF hupewa 20, ilhali zile zinazotoka OSPF kuingia RIP bila bei huhesabiwa kuwa hazifikiki, zikapotea kimyakimya. Mafundi wangapi wamekesha wakitafuta waya uliokatika kumbe palikosekana nambari moja tu!

Mushkili wa pili ni wa uaminifu. Ruta ikipata habari za mtandao ule ule kwa itifaki mbili, imsadiki nani? Watengenezaji walikata shauri kwa kuzipa itifaki daraja, na mwenye nambari ndogo ndiye asadikiwaye. Kwa dasturi iliyoenea, mtandao uliochomekwa kwenye ruta yenyewe una daraja 0, njia ya mkono 1, BGP itokayo mfumo wa nje 20, OSPF 110 na RIP 120. Kanuni hii ni ya manufaa siku zote ila siku moja, nayo ni siku utakapokuwa na malango mawili.

Kuzunguka Ghuba ya Winam

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye kiini cha sura.

Tuseme kuna chuo cha kubuni chenye makao makuu Kisumu na tawi Bondo, vyote viwili vikitumia OSPF. Chuo hicho kikachukua chuo kingine kidogo cha ng'ambo ya ghuba, chenye ruta za zamani zinazojua RIP tu, zilizopangwa Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, pamoja na maabara moja ya kompyuta huko Ndhiwa, yenye ruta yake ndogo iliyofungwa kwenye ruta ya Homa Bay. Mitandao hii miwili imeunganishwa mahali pawili ili mmoja ukikatika mwingine uchukue kazi: Kisumu imeungwa na Kendu Bay kwa uzi wa kioo, na Bondo imeungwa na Mbita kwa redio ipigayo juu ya maji toka Luanda Kotieno, pale pale panapovuka feri. Umbo lake ni duara lizungukalo ghuba, na kwa macho ya bodi ya chuo ni mpango wa kupendeza. Fundi akaamuru malango yote mawili, la Kisumu na la Bondo, yahamishe njia zote, pande zote mbili, bila kuchuja.

Tuifuate habari ya Ndhiwa. Inatoka Homa Bay kwa RIP, inapita Kendu Bay, inafika lango la Kisumu, nalo linaitangaza katika OSPF. Lango la Bondo sasa limeisikia mara mbili: kwa RIP kupitia Mbita iliyo mbele yake, na kwa OSPF kupitia Kisumu. Kwa kuwa OSPF ina 110 na RIP 120, Bondo inaisadiki Kisumu. Matokeo yake ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa Bondo anayetaka kitu kilichoko Ndhiwa, badala ya pakiti zake kuvuka maji, hupelekwa Kisumu na kuzungushwa ghuba nzima.

Hilo ni udhia tu. Balaa lenyewe ni hatua ifuatayo, kwa maana Bondo, ikiwa imeipata Ndhiwa katika OSPF, inaihamisha irudi katika RIP kwa bei ya kuanzia ya 1, nayo Mbita inapolinganisha inaona Bondo ina bei nafuu kuliko Homa Bay. Basi hata Mbita, ambayo iko bara moja na Ndhiwa, sasa inatuma pakiti zake Bondo, zikaenda Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, ndipo Ndhiwa.

Kisha siku moja waya wa Ndhiwa unakatwa na wachimbaji wa barabara. Homa Bay inaifuta njia yake, lakini hapo hapo inaisikia Mbita ikisema kwamba Ndhiwa inafikika kwa kupitia kwake. Homa Bay inaamini. Inaitangazia Kendu Bay, Kendu Bay inaitangazia Kisumu, Kisumu inaihamisha katika OSPF, Bondo inaipokea na kuirudisha katika RIP kwa bei ile ile ya 1, na Mbita inaendelea kuishuhudia mbele ya Homa Bay. Maabara imekufa, na kila ruta ina shahidi kwamba iko hai. Kile kikomo cha ruta 15, kilichowekwa katika RIP makusudi ili uwongo wa namna hii ujichokee wenyewe, hakifai kitu, kwa kuwa kila mara habari inapopita katika OSPF hesabu yake hufutwa na kuanza upya. Pakiti za Ndhiwa zitazunguka ghuba mpaka hesabu ya maisha iliyoandikwa ndani ya kila moja, ambayo mara nyingi huanzia 64, iishe nazo zitupwe. Na viungo vyote vya duara vitajaa uchafu huo, hata wasio na haja na Ndhiwa wapate taabu.

Dawa yake ni sahali kuliko maradhi. Lango la Kisumu linapohamisha njia za RIP kwenda OSPF, liibandike kila moja alama, tuseme nambari 60, ambayo OSPF huichukua pamoja na njia popote iendapo. Na lango la Bondo liamriwe kwamba njia yoyote yenye alama 60 ni mzaliwa wa RIP, isirudishwe huko hata ikija na bei gani. Bondo nayo iweke alama yake, na Kisumu iikatae vivyo hivyo. Fauka ya hayo, malango yote mawili yaambiwe kuwa kwa njia hizi zenye alama, daraja la OSPF lipandishwe juu ya 120, ndipo Bondo itakaposadiki habari ya Mbita iliyo mbele ya macho yake kuliko uvumi uliozungukia Kisumu. Kwa mistari hiyo michache Ndhiwa ikifa itazikwa, na waya wake ukiungwa itafufuka.

Mpakani, kosa halina mipaka

Katika chuo chetu cha kubuni aliyeumia ni chuo chenyewe. Katika BGP anayeumia ni jirani, na jirani wa jirani.

Tarehe 25 Aprili 1997 ruta moja nchini Marekani, ya mfumo huru wenye nambari 7007, ilipokea njia za mtandao wa dunia, zikakatwa vipande vyembamba, zikafutiwa orodha ya mifumo zilikopitia, kisha zikatangazwa nje kana kwamba mwenye nazo zote ni 7007. Kwa ile sharia ya mstari mwembamba, sehemu kubwa ya intaneti ilielekeza pakiti zake huko, na ruta hiyo ilipochomolewa bado njia za uwongo zilibaki madaftarini mwa wengine kwa muda.

Kisa cha pili ni cha tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe nchini, na kampuni ya simu ya huko ikatengeneza njia ya kuelekeza pakiti hizo shimoni. YouTube ilikuwa imetangaza eneo la anwani 1,024. Njia ya Pakistan ilikuwa ya anwani 256 zilizomo ndani ya eneo hilo hilo, yaani nyembamba zaidi. Njia hiyo iliyokusudiwa kukaa ndani ilivuka mpaka kwa BGP, kampuni ya PCCW ya Hong Kong ikaipokea na kuieneza bila kuhakiki, na kwa muda wa kama saa mbili watazamaji wa sehemu nyingi za dunia hawakuona kitu. Malango yaliyokosea hapo ni mawili: moja lilitoa lisichopaswa kutoa, na la pili likapokea lisichopaswa kupokea.

Safari ya mbinguni ya barua ya jirani

Kenya ina kisa chake cha malango, nacho kilihusu idhini zaidi kuliko vyombo. Hadi kufikia mwaka 2000, watoa huduma za intaneti nchini hawakuwa na mahali pao pa kupeana pakiti. Barua pepe iliyoandikwa Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine aliyeketi ng'ambo ya barabara iyo hiyo ilirushwa hadi setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikatua ughaibuni, ikabadilishana mikono huko, kisha ikarudishwa kwa safari nyingine ya mbinguni. Mwezi wa Novemba mwaka huo kampuni hizo, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua mjini Nairobi kituo cha kubadilishana pakiti kiitwacho KIXP, ambamo kila moja ilileta ruta yake ya mpakani na kuzungumza BGP na wenziwe. Muda wa pakiti kwenda na kurudi ukashuka toka milisekunde 1,200 hadi 2,000 na kuwa kama 60 hadi 80. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena mwezi wa Februari 2002 kikiwa na leseni.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu chaonyesha bayana mgawanyo wa kazi baina ya ndani ya nyumba na mpakani. Chuo Kikuu cha Maseno, na kile cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, huhudumiwa na KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999. Namna chuo kinavyopanga njia zake baina ya mabweni na maktaba ni siri ya nyumba. Ulimwengu hauna haja ya kuijua. Kinachotangazwa na KENET mpakani ni maeneo machache ya anwani, mapana, yaliyofungwa pamoja, na hivyo ndivyo iwavyo kwa kila mfumo huru wenye adabu.

Kinyume chake pia ni kweli. Daftari zima la BGP la dunia lina njia kama milioni 1 kwa anwani za aina ya zamani peke yake, na anayezimwaga katika OSPF ya chuo ameziangusha ruta zake ndogo zote kwa pigo moja. Toka nje kuingia ndani, lango lipitishe njia moja tu, ile isemayo kwamba kila kisichojulikana kiletwe kwangu.

Mpango wa kazi kwa mwenye kuliweka lango

- Chora ramani ya mitandao yote miwili karatasini, na mahali pote inapogusana. Ukikuta inagusana mahali ambapo hukupajua, simama hapo kwanza.
- Lango moja likitosha, liwe moja. La pili liongezwe kwa hoja, si kwa pupa, na likiongezwa, alama zitangulie.
- Andika orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuvuka kila upande, na mstari wake wa mwisho useme kwamba zisizotajwa zikataliwe.
- Weka bei ya kuanzia wewe mwenyewe.
- Kwa BGP, weka kikomo cha idadi ya njia unazokubali kwa jirani, ili akikosea mazungumzo yakatike kabla hajakujaza.
- Chomoa kila kiungo kwa zamu, usiku, kabla hakijakatika chenyewe mchana, na utazame daftari linavyobadilika.

Vyombo vyenyewe visimtishe mtu. Programu za bure kama FRRouting na BIRD huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa lango kamili, na ruta za MikroTik za Latvia, zilizoenea sana kwa watoa huduma wadogo wa nchi hii, zinazijua itifaki zote tatu.

Fundi hulipwa kwa kuunganisha, na orodha ya anwani zilizokataliwa haionekani kwa macho kama waya uonekanavyo. Ndiyo maana mwenye mtandao hana budi kuiomba kwa maandishi kabla hajatia sahihi, naye akiambiwa haipo, basi ajue kwamba lango nalo bado halipo. Na shule yenye laini moja ya intaneti na jengo moja haina haja ya lango la namna hii hata kidogo: iandikiwe njia moja kwa mkono, na fedha zilizosalia zinunue betri ya kuilinda ruta umeme unapokatika.